Wageni Wawili wa Mezani kwa Baba

Malinaw, Batangas
Juni 1902

Kaka yangu mpendwa Leoncio,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini kile kikohozi cha Hong Kong kimekuachia kifua. Sisi tunapumua, na kwa hilo tu tunamshukuru Mungu. Mama anakuombea kila alfajiri.

Uliuliza habari za maofisa wa Kimarekani waliokuwa wakilala kwetu. Walikuwa wawili. Kapteni Haskell, mzee wa sigara na maneno machache, alimwambia Baba waziwazi kwamba nchi yake inataka bandari za visiwa vyetu na njia ya kupeleka bidhaa China, na wasipotuchukua wao, Mjerumani atatuchukua. Luteni Whitcomb alikuwa akiona haya kusikia hivyo. Yeye alisema wamekuja kutufundisha kujitawala, kisha wataondoka. Walikuwa wakibishana mezani hadi supu inapoa, na Baba, unavyomjua, alimpenda luteni. Alimpa hata ukumbi wetu uwe shule.

Mwezi Januari ikaja amri kutoka juu: watu wote wa mashambani wahamie mjini, ndani ya mstari wa mpaka uliouzunguka, ili wapiganaji wa milimani wakose chakula. Anayevuka mstari hupigwa risasi. Kapteni aliitangaza bila kuipamba. Lakini kila Jumamosi alifumba macho watu wakaenda kuvuna, akisema mwenye njaa ndiye anayekimbilia msituni.

Kisha kapteni akahamishwa, luteni akashika mji. Tulifurahi, Kaka. Baba alichinja kuku wetu wa mwisho.

Jumamosi ile ile mstari ukafungwa. Luteni alisema hataki tushawishiwe na watu wa milimani, sisi ambao tumekaribia kuwa huru. Baba akamwendea kuomba ruhusa ya kuvuna mpunga wetu kabla haujapukutika. Mimi ndiye niliyetafsiri. Luteni alitokwa na machozi, machozi ya kweli, akamshika Baba mkono.

“Vumilia, mzee wangu,” alisema. “Wajukuu zako watanishukuru.”

Baba akamjibu, “Bwana mdogo, yule mwenzako alitaka bandari tu. Wewe unataka na mioyo yetu.”

Mpunga ulipukutika. Halafu kipindupindu kikaingia, watu tumebanana kama dagaa.

Kaka, kaa chini. Baba hatunaye tena. Kipindupindu kilimchukua, akazikwa siku hiyo hiyo, bila padri, bila jeneza. Luteni alivua kofia akasimama nasi kaburini, nami sikuweza hata kumchukia vizuri.

Kuna jambo jingine, nalo ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa wengine. Ninafundisha katika shule yake. Kila asubuhi nawaimbisha watoto wimbo wa bendera yao. Mwalimu hupewa kibaba cha mchele, na Mama hana chakula kingine. Wenzako wa uhamishoni huko wakiniita msaliti, usinitetee. Ila wakikuuliza mama yetu anaishije, nyamaza.

Wasalimie wote wanaotukumbuka. Vaa nguo nzito, na usirudi kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
Perfecta