Kiti cha Makame

Makame, umekufa. Pepopunda. Bati la madigadi, yale ya kufunika magurudumu ya gari, lilikukata mguu, ukacheka, ukatia mafuta ya taa, ukaendelea kugonga. Kisha taya zikakaza. Mie ndo niliyekushika miguu kule hospitali ulipokuwa ukijipinda, mpaka ukawacha kujipinda. Tukakuzika Mwanakwerekwe baada ya laasiri. Niliingia kaburini na ndugu yako Haji kukupokea. Ulikuwa mwepesi. Weye hukuwa mwepesi.

Nnaandika kwa herufi za chuoni, zile nilizopigiwa bakora. Nyengine nshazisahau. Ukiona pengo jaza mwenyewe.

Nna wivu, Makame. Naanza na hilo maana ndilo lililonikalisha hapa.

Matanga yalipoondoka nilirudi bandarini, gunia la karafuu mgongoni. Serahangi, yule mkubwa wa genge letu, kaniuliza, "Aliyekufa nani yako?" Nikamwambia rafiki. Kasema, "Aa. Nlidhani ndugu." Akaniongeza gunia.

Mkeo Zuhura yuko eda. Kavaa nyeupe, yuko ndani, hatoki. Watu wanaingia na sahani, wanatoka na sahani. Kila siku anapewa pole. Mungu ampe subira, simsemi vibaya. Lakini mtu wa eda anajulikana kuwa ana msiba. Mie nani anajua? Mke wangu Mize alipokufa ilikuwa hivi hivi. Mwanamme hana eda. Analala, anaamka, anabeba.

Weye ndo uliyenitoa mlangoni wakati ule. Nilikuwa nikirudi kazini nakaa pale barazani mpaka isha, siendi kokote. Ukapita ukasema, "Vuai, inuka. Watakuja kupiga chokaa ukuta wakupige na weye. Njoo unishikie bati."

Nikaja kukushikia bati. Hukuniuliza habari za Mize hata siku moja. Ulinipa nyundo.

Ile gari mbovu ya duka la vitambaa la Darajani, kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha nyuma. Mwenyewe alikuuzia kwa bei ya kuondoshewa takataka uani. Mwembetanga yetu nzima ikadhani unataka kubebea nazi. Ukawaambia hii inakwenda kushindana Chukwani siku ya Idd, na gari za wakubwa. Wakacheka. Na mie nilicheka, lakini nilikuwa nshashika msumeno.

Tuliivua kama mtu anavyovuliwa kuoshwa. Milango. Madigadi ya mbele. Kiti cha nyuma na mayai yake. Paa tulilikata kwa zamu, mpaka viganja vikavimba. Kila tunachotoa ulikuwa unakipima mkononi, unasema, "Hiki kilikuwa kinakula mwendo." Springi za nyuma zimelegea, tukazifunga kamba ya makumbi, tukaikaza kwa kijiti mpaka ikalia. Bomba la moshi tukalikatia ubavuni. Siku ya kwanza kuiwasha muadhini alikuja mwenyewe, akasema, "Makame, leo mimi sikuisikia adhana yangu." Tukawa hatuiwashi mpaka watu watoke msikitini.

Kiti cha dereva kilikuwa cha Mize. Mguu wake ulikuwa mbovu, hawezi kukaa chini kusuka ukili, nikamtengenezea kile kiti. Nilikuletea mwenyewe. Ulikikata miguu mbele yangu, ukasema bismillahi kabla ya kukata. Nikakikaza kwa nati nne kwenye sakafu ya gari, kwa urefu wa miguu yako. Ukakaa, ukanyoosha goti, ukasema, "Hapa hapa. Usikisogeze tena mpaka kiyama."

Nilikusikia.

Halafu gari ikawa nyepesi mno. Kwenye kona inanyanyua gurudumu. Mtu mwengine angetia mawe. Weye mtu wa Bwejuu, ukasema kwenu ngalawa ya mashindano haitiwi mawe, hutiwa mtu. Upepo ukizidi anatoka nje kwenye mrengu, ule mti wa ubavuni, ukipungua anarudi ndani. Jiwe utaliambiaje litoke? Ukaniangalia kutoka kichwani mpaka miguuni. Miaka yangu yote ya magunia iko mabegani. Ukasema, "Mrengu wangu huyu hapa."

Nikawa nachutama upande wa kushoto, sina kiti, nimeshika kamba. Kule Chukwani kona zote ni za kushoto, kuzunguka mapipa. Kona ikija natoka nje, tumbo juu ya vumbi, kichwa karibu na gurudumu. Ikinyooka narudi. Hukuwa ukinambia. Ulikuwa ukivuta pumzi puani, mie natoka.

Watu hawakusema mrengu. Walisema gunia. "Makame huyo, na gunia lake." Jina lako walilipigia kelele, langu hawakulijua. Na jioni weye unaingia kwa Zuhura, nawasikia mnacheka nyuma ya ukuta. Mie naingia kwangu kunako kimya. Nilikuwa nakuonea wivu, Makame. Asubuhi naamka nakutafuta.

Idd ya mwaka jana tulikuwa wa mwisho. Rejeta ilichemka, mvuke ukatupiga usoni, tukamaliza macho yamefumbwa. Nilidhani utalia. Ukashuka, ukakaa chini kwenye vumbi, ukacheka mpaka kofia ikaanguka. "Wenzetu wamekuja kushindana," ukasema. "Sie tumekuja kupika wali." Jioni ile nikakusikia ukimhadithia Zuhura, na yeye anacheka mpaka anakohoa.

Sasa sikiliza yaliyokuja baada yako.

Haji alikaa na warithi. Gari ni mirathi. Sikatai, ndo sharia. Sie hatukuita shahidi kuwa ni yetu wawili. Nani anaita shahidi kwenye kugonga bati? Haji mtu mzuri, hakunificha. Kanambia, "Vuai, ndugu yangu alitaka ishindane Idd hii. Itashindana. Baadaye tutaona." Nikamuuliza nani ataendesha. Nikangojea. Mie sijui kuendesha, na yeye anajua kuwa sijui. Lakini nilingojea.

Kasema Sele.

Sele, yule wa teksi pale Darajani. Shati la pasi, kofia ya kiua iko upande. Kaja Ramadhani kati, kapiga hendeli mara moja, gari ikawaka. Mara moja, Makame. Weye ilikuwa inakutoa jasho, unaibembeleza, unaitukana mama yake. Yeye mara moja. Ile gari haina haya. Hata wiki za kukulia haikukaa.

Akaingia akakaa kwenye kiti. Alikaa tu, kama mtu anakwenda kunyolewa. Miguu yake mifupi. Kasema, "Kaka Vuai, hebu kisogeze mbele vidole viwili."

Nikamwambia hakisogei.

"Kina nati hicho."

"Zina kutu."

Hazina kutu. Nilizitia grisi mie. Spana ilikuwa mfukoni mwangu, nimeishika. Sele kaniangalia, akamtazama Haji, akaenda kutafuta mto. Akauweka nyuma ya mgongo, akakaa juu ya kiti chako na mto wa kitanda. Nilifurahi. Nilifurahi siku ile nzima, nikafuturu vizuri.

Kisha akaniona nachutama upande wangu. Kasema, "Gari ya mbio inapakia abiria?" Haji akamjibu. Sikumtuma. Kasema, "Huyo si abiria. Huyo mrengu." Mtu wa Bwejuu na yeye. Sele hakufahamu, akashika usukani.

Tukaenda kuijaribu Chukwani, alasiri, saumu kali, midomo imekauka. Pipa la kwanza sawa. La pili sawa. La tatu aliingia kwa kasi ambayo weye hukuingia hata siku moja, na mie nilikuwa nshatoka nje. Akakanyaga breki. Mto ukabonyea, mwili wake ukarudi nyuma, mguu haukufika chini. Gari ikaenda nje ya njia. Nikaliona jiwe la tumbawe linakuja na kichwa changu kiko pale pale. Alikunja usukani kwa mikono yote miwili, tukapita. Jiwe lilipita karibu na nywele za sikio langu.

Akasimamisha. Hakupiga kelele. Alitoa mto, akautupa nje. Kasema, "Kaka Vuai. Hiki kiti changu au cha maiti?"

Nikamwambia, "Cha Makame."

"Makame hakanyagi breki tena."

Nilitaka kumpiga. Naapa, mkono ulikwisha kwenda. Halafu akasema neno jengine, taratibu. "Mimi ningepigwa na usukani tu. Weye ulikuwa nje. Utakufa weye, si mimi."

Alikuwa na khofu na mie, Makame. Sio na gari. Nikazidi kumchukia.

Asubuhi ya Idd nilitoka kusali, sikwenda kula. Nikaenda kwenye gari peke yangu. Nikafungua zile nati nne. Zilifunguka upesi, hata hazikunisumbua, ningependa zinisumbue kidogo. Nikatoboa matundu mapya, vidole viwili mbele, nikakaza. Nikakaa mwenyewe kupima. Goti langu likagonga usukani. Kile kiti Mize alikuwa akikikalia, na weye ukakikalia, na mie hata siku moja. Nilikaa kidogo. Kisha nikatoka maana Sele alikuwa anakuja.

Kaona kiti. Kakaa. Kakanyaga breki mpaka chini. Kasema, "Ahsante, kaka." Hakusema zaidi. Angesema zaidi nisingepanda.

Tulikuwa wa pili. Ile gari nyekundu ya yule mtoto wa bwana shamba ndo ilitushinda, na haikutushinda kwa mbali. Rejeta haikuchemka. Sele alikuwa kaitilia gunia lililorowa maji mbele, linatiririka, jambo la kipumbavu kabisa, na sie hatukulifikiri.

Nikwambie kweli? Anaendesha kukushinda. Anajua pa kuwachia na pa kukanyaga. Ile gari ilikwenda mikononi mwake kama iliyokuwa ikimngojea. Na mie, nikasema nitakaa mzito tu, nitakaa kama gunia kweli, nione atafanya nini. Kona ya kwanza akavuta pumzi puani.

Nikatoka.

Mwili ulitoka wenyewe. Sikuuambia. Nikatoka kona zote, na nilitoka vizuri, vizuri kuliko nilivyokuwa nakutokea weye, maana yeye anaingia kwa kasi zaidi. Huo ndio wivu wenyewe. Sijui namuonea yeye kwa sababu ana gari yako, au nakuonea weye kwa sababu ulikufa kabla ya kuiona hivi, au najionea mwenyewe.

Watu wakapiga kelele. "Sele! Sele!" Wakamnyanyua. Nikangojea mtu aseme Makame. Nilisimama pale na vumbi langu mdomoni, nikangojea. Hata mmoja. Akaja mzee mmoja wa Kikwajuni, nikasema huyu atasema. Kaniambia, "Weye si lile gunia?"

Idd pili nikanunua halua, nikaenda kwako. Bi Tatu, shangazi yake Zuhura, kakaa mlangoni. Nikapiga hodi, nikakaa barazani. Zuhura akaitika nyuma ya pazia.

"Shemeji Vuai. Gari ilikwendaje?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na maneno tayari, nimeyapanga njiani. Wa pili, alhamdulillahi. Nikamwambia, "Ilichemka."



"Ilichemka?"

"Kama mwaka jana. Wali ukaiva, tukapakua."

Bi Tatu akaniangalia. Mwembetanga nzima ilikuwa inajua. Zuhura akasema, "Mbona jirani kaja hapa jana, kanambia wa pili?"

Halua iko mkononi, naitazama.

"Na weye unasema ilichemka."

"Ndiyo."

"Basi ilichemka," kasema. "Jirani hajui gari."

Akacheka. Kile kicheko chenu cha nyuma ya ukuta, mpaka akakohoa. Kisha kikageuka, Bi Tatu akainuka akaingia ndani, nami nikaweka halua nikaondoka. Hapo sikumuonea wivu. Kidogo tu, mpaka kufika pembe ya njia.

Leo Haji kaja kuniaga, anarudi Bwejuu. Kasema gari hawatoiuza, itakaa kwa Sele, aitunze. Kasema Sele kaitaka kwa sharti, mrengu awe mie. Haji ananitazama nitafurahi. Nikamwambia nitafikiri. Uwongo. Nshafikiri. Nitapanda. Unajua nitapanda, kwa nini nikufiche.

Lakini nakuahidi hili. Yale matundu yako manne, ya zamani, sitayaziba. Sele kashaniambia niyeyushe risasi nitie, vumbi linaingia. Nimemwambia risasi hakuna. Kila akiendesha, vumbi la Chukwani litapanda pale ulipokuwa umekaa, limuingie kwenye shati lake la pasi. Na akiniuliza nitamwambia matundu ni ya nani.

Na Zuhura akitoka eda, akitaka kuiona gari, nitampeleka mwenyewe, na Bi Tatu. Nitamuonyesha matundu.

Lala, Makame. Ukimuona Mize mwambie kiti kipo, kimesogea kidogo. Mwambie mie sikukisogeza kwa kupenda.

Sikukuu imekwisha. Meli ya karafuu imefunga, serahangi kashatuma mtu. Kesho nnarudi kazini.

Vuai