Jogoo Anayesubiri Roketi

Shikamoo Bibi,

Huku Mutuini kuna baridi, navaa sweta mbili. Shangazi ameahidi kuchinja jogoo siku roketi ninayoifuatilia itakaporuka. Imebeba setilaiti ndogo za watu wengi, na mmoja asipokuwa tayari wote husubiri, kwa hiyo ratiba imebadilika mara nne. Jogoo naye amenizoea. Hulala juu ya vitabu vyangu.

Leo Shangazi ameniuliza, kisu mkononi, "Haya, simu yako inasemaje?"

Ilisema roketi inaruka leo usiku. Nikamjibu, "Wameahirisha tena, Shangazi."

"Basi ni maharagwe. Hao watu wa roketi ni waongo sana."

Bibi, mwongo ni mimi. Niombee msamaha, na Shangazi asitazame habari kesho.

Nakubusu mikono,
mjukuu wako Salim