Blanketi Zito la Baba

Hellen,

Viazi viko kwenye sufuria. Nimekwenda stendi ya Nyegezi kumpokea bibi yako. Baba amelala, usimwamshe.

Lile blanketi zito nimemnunulia kwenye mitumba, soko la Mlango Mmoja. Nilijifunika moja moja palepale, watu wakinicheka. Jepesi halimtulizi, na zito mno lingembana kifua. Hili analisukuma mwenyewe bila shida. Ila usimfunike nalo mdogo wako Bagenda, hawezi kujitoa.

Tangu mtumbwi wa Nansio uzame na baba yako mdogo Osward, leo alfajiri ndiyo mara ya kwanza baba kulala bila kupiga kelele. Kabla hajasinzia aliniambia, "Felicitas, ni kama mtu amenishika."

Halafu asubuhi nakusikia bombani ukiwaambia wenzako eti baba yako halali usiku kwa sababu ya pombe! Hanywi, mwanangu. Safari ile ya Nansio ilikuwa yake. Aliamka amechoka, akamtuma Osward.

~~Akiamka muombe radhi.~~ Hapana, usimwambie neno. Kaa naye tu, hata kama hasemi.

Mama