Mtoto Asiyelaliwa Matanga

Jumanne, Kilosa. Mawingu tangu asubuhi, mvua hamna. Nimechoka, lakini si ule uchovu unaoisha kwa kulala.

Leo nilikwenda Mikumi kumfariji mtu. Ndiyo kazi niliyopewa na akina mama wa kanisani kwetu, mbali na cherehani yangu. Miaka tisa iliyopita nilijifungua mtoto aliyekwisha kufa. Tangu hapo, yakimkuta mwanamke mwingine, natumwa mimi. "Fundi, wewe haya unayajua," wananiambia. Basi nabeba khanga moja na mchele kidogo, naondoka.

Nikiri jambo. Maneno yangu nimeshayakariri. Mungu ni mwema, mimi alinivusha, na wewe atakuvusha. Nayasema vizuri, hata kanisani nikitoa ushuhuda. Watu hulia. Mimi silii, nawaza basi la kurudi.

Safari hii ni Neema, binti anayeuza chai na maandazi kwa madereva wa malori. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa Ijumaa, hakulia. Wanawake walimzika jioni ile ile, bila turubai, bila jina. Kwetu ndivyo ilivyo: mtoto ambaye hakulia hatumlalii matanga. Mama anaambiwa anyamaze, atapata mwingine, na baada ya siku mbili kila mtu yuko shambani kwake.

Na mimi niliambiwa nitapata mwingine.

Sikupata.

Nilimkuta amekaa mkekani chumbani, kajifunika khanga hadi shingoni na joto lote lile. Mkwewe, mama mwema tu, aliitikia shikamoo yangu akanivuta pembeni. Tangu Jumapili Neema hajala wala hajasema neno. "Naogopa atarukwa na akili, mwanangu," akasema. "Nimeshapoteza mjukuu. Na huyu nimpoteze?"

Nikaingia, nikaketi, nikaanza maneno yangu. Nilipofika kwenye kuvushwa nikaona khanga yake imelowa kifuani.

Nikayaacha maneno yangu, nikamsogelea.

Maziwa. Hakuna aliyemwambia kwamba mtoto akifa maziwa huja vilevile. Na mimi hakuna aliyeniambia. Kwa aibu nilijibana kifua kwa kitenge wiki nzima, sikumwambia mtu, mpaka titi likafanya jipu nikapasuliwa. Hili sijawahi kulitaja kwenye ushuhuda hata siku moja. Nani anasimama kanisani kuongea habari za titi?

Nikamwita mkwewe. "Mama, naomba maji ya baridi, na kabichi."

"Nikupikie?"

"Usipike, mama. Nataka majani yake mabichi."

Alinitazama kama vile mimi ndiye niliyerukwa na akili, lakini akaenda. Genge la mboga liko pale pale barabarani.

Nikafunga mlango. Chini ya khanga Neema alikuwa amejibana kwa kitambaa, kama nilivyofanya mimi, fundo lake mgongoni. Nikamfungulia. Nikamwonyesha kukamua kidogo tu ili maumivu yapungue, asikamue yote maana yatazidi kuja. Kabichi ilipofika nikamwekea kitambaa cha maji baridi, kisha majani kifuani, yapunguze uvimbe. Nikamwambia akisikia homa, au titi likiwa jekundu, aende zahanati siku hiyo hiyo, asirudie ujinga wangu. Nikamsimulia jipu langu lote. Nikamwonyesha na kovu.

Muda wote huo sikumtaja Mungu hata mara moja. Sidhani kama alikasirika.

Neema alilitazama lile kovu, akalitazama tena. Ndipo akafungua mdomo.

"Wako alikuwa wa kike au wa kiume?"

Miaka tisa nimesimama mbele za watu, na hakuna aliyewahi kuniuliza hilo.

"Wa kike," nikasema. Nililia mbele ya mtu niliyetumwa kumfariji, na yeye ndiye aliyenishika mkono. "Wangu wa kiume," akasema. Tukalia wote wawili, wala hatukuharakisha. Mkwewe alipoingia na uji, Neema alikunywa nusu kikombe, akaomba sukari iongezwe.

Basi la kurudi nililolipanga lilishanipita. Nikapanda jingine.

Sasa niko nyumbani. Kwa nini Mungu aliacha yanipate yale, sijui, na wanaojua wamenichosha. Ninachokijua ni kidogo: leo jipu ambalo nililiona aibu yangu peke yangu limemfaa mtu kuliko shuhuda zangu zote. Huenda na yeye siku moja atamfungulia mwingine fundo. Huko ndiko kuvushwa, nadhani. Nilikuwa nalisema neno hilo bila kulijua.

Jumapili akina mama wataniuliza safari ilikuwaje. Nitawaambia habari za titi, asiyetaka azibe masikio. Na nitawaambia jambo moja zaidi, ambalo naliandika hapa kwanza ili ulimi ulizoee.

Nilikuwa na binti.