Kipimo cha Mlango Nilichokusomea

Utemini, Singida
Jumatano, tarehe 13 Novemba 1957

Kwa ndugu yangu Ignas, Mungaa.

Nakusalimu wewe na wote waliomo nyumbani mwako. Natumaini mgongo uliokusumbua wakati wa mavuno umetulia, na kwamba ng'ombe wamepata majani baada ya mvua hizi chache. Luciana mwanangu, najua ni wewe unayemsomea baba. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Soma neno kwa neno. Usiruke kitu kwa kumwonea baba yako huruma, wala kwa kunionea mimi haya.

Huku kwangu Klara hajambo, analalamika juu ya kuku wa jirani kama kawaida yake. Mimi sijambo kwa kusema tu. Kifua kimekataa dawa. Mganga wa hospitali alimwambia mwanetu Andrea nje ya mlango, akidhani masikio yangu yamekufa pamoja na miguu, kwamba nisitegemee kuiona Krismasi. Barua hii nimeianza mara nne tangu Jumapili. Tatu nimezitia jikoni, hata Klara akaniuliza kama karatasi ndizo kuni za siku hizi. Nikikaa nataka kulala, nikilala nataka kukaa. Ya nne lazima iondoke na lori la kesho.

Nakuandikia kwa sababu ya Jumanne ijayo. Unajua tangazo la baraza: kuanzia Januari hakuna atakayejenga shule wala zahanati katika wilaya bila leseni. Asiye na cheti anaweza kufanyiwa mtihani, iwapo fundi mwenye leseni atathibitisha kwa maandishi kwamba amefanya kazi chini yake kwa miaka kumi. Uthibitisho wako niliupeleka mwezi uliopita, nikaandika miaka ishirini na sita. Jina lako limeingizwa kwa mtihani wa Jumanne. Ramani itasomwa na karani wa baraza mbele ya watu wote, kwa hiyo kutojua kusoma hakukuzuii tena.

Lakini Andrea alipokuja kwako kukuambia, alirudi na jibu kwamba huendi. Ulimwambia kwamba ulikwisha kupimwa mara moja ukaonekana, na kwamba mzee hapaswi kuvuliwa nguo mara mbili katika uwanja uleule. Ulisema kichwa chako hakishiki namba. Jibu hilo ndilo limeninyima usingizi. Usipokwenda Jumanne, hakuna mtihani mwingine mpaka baada ya miaka mitatu, na wakati huo hakutakuwa na wa kukuthibitishia. Utamaliza maisha yako ukichanganya udongo kwa vijana uliowafundisha kushika mwiko.

Unakumbuka tulivyoanza. Bruda msimamizi wa ujenzi alitupokea misheni pamoja, mimi nikiwa nimeacha ukatekista, wewe ukitoka machungani. Mwaka mzima hakuturuhusu kugusa tofali. Tulibeba mawe, tukachekecha mchanga, tukachoma chokaa mpaka nyusi zetu zikawa nyeupe. Mwaka wa pili akatuweka kwenye tanuri. Mwaka wa tatu akatupa mwiko, na hapo ndipo tofauti yetu ilipoonekana. Mimi nilijua kuandika hesabu ya mifuko na kusoma ramani. Wewe ulijua ukuta. Ulikuwa unaloweka tofali, unalitoa, unalisikiliza kwa kidole kama mtu anayegonga boga, kisha unajua kama limekunywa maji ya kutosha. Kuta zangu ulizitania mbele ya wote, ukasema ni za Kikatoliki kweli, maana ukizitazama kwa upande zinataka kupiga magoti. Nilicheka na wengine. Kumbe kicheko kile kilikuwa kinanichoma.

Miaka saba ikaisha. Mwaka 1931 ikaja habari kwamba idara ya ujenzi inataka fundi mmoja tu wa kushika kazi za wilaya, na atakayeshinda atapewa cheti. Bruda alituambia sote kwamba atakayeshinda atakuwa Ignas. Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayetaja siku ya wiki. Nilirudi nyumbani siku ile nikamweleza Klara kwamba sikusoma miaka yote ile ili niamriwe na mtu anayetia sahihi kwa dole gumba. Klara akasema huyo mtu ni rafiki yangu. Nikamwambia ndiyo, ni rafiki yangu.

Sasa Luciana, punguza mwendo.

Tulikuwa watano. Kila mmoja alipewa nakala ya ramani moja: kona ya ukuta wa tofali za kuchoma, na nafasi ya mlango kando yake. Tuliwekwa mbali mbali kulizunguka ghala moja, ili mtu asiige kazi ya mwenzake. Mkaguzi alipokwenda kunywa chai, ulikuja kwangu na ramani yako, ukaniomba nikusomee, kama nilivyokusomea kwa miaka saba. Nilikusomea urefu sawasawa, na unene sawasawa. Nilipofika kwenye mlango niliona wazi upana wake ni futi mbili na inchi tisa. Nikakuambia futi tatu na inchi tatu.

Sikukosea, Ignas. Nilikutazama ukifunga fundo kwenye kamba yako ya katani mahali pale nilipokuambia, na nilijua fundo lile halitahama hata unene wa unywele, kwa sababu ni wewe uliyelifunga. Ulinishukuru ukaenda zako. Siku mbili nilikuwa na nafasi ya kuzunguka ghala na kukuambia. Niliinuka mara mbili. Mara ya pili nilifika kwenye pembe, nikakusikia ukipiga mluzi, nikarudi.

Siku ya ukaguzi walitundika timazi kwenye kona yako, uzi ukaambaa na ukuta kutoka juu hadi chini. Mkaguzi aliuzunguka ukuta mara mbili, akaita wenzake waje waone. Halafu wakaleta fremu ya mlango, ikacheza ndani ya nafasi ile kama jino bovu. Akasema maneno, na karani akayatafsiri kwa sauti: mkono mzuri, lakini kichwa hakishiki namba. Watu wakacheka. Ukuta wangu ulikuwa na tumbo kidogo, ila fremu ikaingia. Cheti nikapewa mimi.

Na wewe ulikuja ukanishika mkono. Uliniambia kwamba nilikusomea vizuri, na kwamba umesahau mwenyewe njiani. Nikakujibu kwamba hayo humpata kila mtu.

Tangu siku ile hukuamini tena kipimo chochote. Kwa miaka ishirini na sita umeniuliza kila namba mara tatu, mpaka vijana wakakupachika jina la Bwana Rudia, nawe ukacheka nao na kusema kweli kichwa kimetoboka. Matao yote ya kanisa ni yako. Birika la maji la hospitali lisilovuja ni lako. Wageni walipouliza fundi ni nani, walielekezwa kwangu.

Nakala ya maelezo haya nimeituma kwa baraza jana, imekwisha kupokelewa, siwezi kuirudisha hata nikitaka. Andrea anajenga kwa leseni yangu, na ikifutwa atasimama kazi naye aanze kupimwa kama mwingine. Nilimweleza. Aliniambia ningekaa na siri yangu hizo siku chache zilizobaki, ingejizika yenyewe. Hajakanyaga hapa tangu juzi. Sikuandikii ili umwonee huruma, nakuandikia ujue kwamba hutakuta mwenyeji wa kukupokea stendi. Mwombe Luciana akusindikize.

Sikuombi radhi kupitia kinywa cha binti yako. Hilo utaliamua wewe. Ninachotaka ukijue kabla ya Jumanne ni hiki: nilikuambia futi tatu na inchi tatu, na walipopima nafasi yako walikuta futi tatu na inchi tatu kamili. Hukusahau kitu. Karani atakusomea namba mara moja. Ukiisikia mara moja, yatosha. Usiulize mara ya pili. Na kama huwezi kwenda kwa furaha, nenda kwa hasira, maana nakumbuka ulivyokuwa ukijenga ukikasirika.

Wasalimie ndugu wote wa Mungaa na jirani wanaoniulizia, hata watakaoacha kuniulizia baada ya leo. Klara anakusalimu, naye hajui bado nilichoandika. Atakijua nikimaliza kufunga bahasha.

Ni mimi niliyekusomea,
Simeoni