Mdaka Maparachichi wa Hyattsville

Hyattsville, Maryland
24 Agosti 2025

Mpendwa Dada Bupe,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kutafakari kwa muda mrefu, natangaza rasmi kwamba mimi mdogo wako Anatoli nimenunua mto. Si wa kulalia. Ni wa kukalia uwanjani, mwekundu, una mkono wa kushikia kama ndoo. Mabenchi ya uwanja wa chuo ni ya chuma, na mwaka jana yalinifanyia jambo ambalo sitaliandika, maana najua barua yangu inapita kwanza kwenye kompyuta ya Godlisten. (Godlisten, kazi ya steshenari ni kuchapa. Chapa, usisome.)

Shikamoo dada. Magoti yanaendeleaje? Na mvua ya Tukuyu, imepumzika hata siku moja? Sisi huku wazima. Bado namtunza yule mzee wa Greenbelt aliyekuwa mhandisi wa kurusha vyombo angani; siku hizi kazi yake ni kuitukana televisheni. Kwake ndiko nilikojifunza huu mchezo wa mwanao. Hakunifundisha. Nilikaa naye tu nikisikiliza anatukana wapi, nikajua hapo pana kosa.

Mchezo wenyewe wanauita mpira wa miguu na wanauchezea mikono. Katikati wapo wanaosukumana kama watu waliosikia sukari imefika ghalani. Nyuma yao yupo mmoja anayerusha. Lusekelo wetu ni mdakaji wa pembeni: anatimka peke yake kandokando ya mstari, adui yuko begani, na mpira unamjia kutoka nyuma ya kisogo. Anatakiwa ajue umefika kabla hajauona.

Na anajua, dada. Nimemtazama mazoezini nikasahau kutafuna. Anakimbia kama mtu asiye na haraka, halafu unashangaa mbona wenzake wamebaki nyuma. Kocha wake, ambaye sijawahi kuyaona meno yake, anasema amewahi kufundisha mmoja tu wa namna hii, na huyo sasa picha yake imebandikwa kwenye mabasi.

Kuna tatizo dogo tu. Mazoezini hadondoshi. Kwenye mechi, watu wakishasimama, anadondosha. Lakini mwaka huu ni wake wa tatu chuoni, na wote tunasema ndio wenyewe.

Mdogo wako,
Anatoli


Tukuyu
9 Septemba 2025

Anatoli mdogo wangu,

Marahaba. Ugonile? Magoti yapo, yananikumbusha kila asubuhi kwamba yapo. Mvua haijapumzika. Hongera kwa mto.

Godlisten alinionyesha video. Tulijazana dukani kwake, hata mteja aliyekuja kupiga picha ya pasipoti akaahirisha safari. Nimemwona mtoto wangu amevaa kofia kama ya bodaboda mwenye akili. Sasa niambie, kama anadaka kwa mikono, si ni kipa? Na goli lake liko wapi? Mbona ameliacha akaenda kukimbia?

Mpira ulimjia, akaugusa, ukaanguka. Watu dukani wakasema "aaaah" kana kwamba wanaujua mchezo. Mimi niliona kilichofuata. Aliuokota, akampa refa kwa mikono miwili, goti limepinda kidogo, kama nilivyomfundisha kumpa mtu mzima kitu. Hapo nililia kidogo. Mengine sikuelewa.

Anatoli, nilimtoa hapa akiwa na miaka kumi na miwili, baba yake hajamaliza mwaka kaburini, nikakukabidhi wewe. Shemeji zangu hadi leo wananiuliza nilimpeleka huko akawe nani. Mimi nakuuliza jambo moja: anafurahi au anateseka? Usinipambie.

Dada yako,
Bupe


Hyattsville
12 Oktoba 2025

Mpendwa Dada Bupe,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepata nafuu. Huku baridi inabisha hodi, ila wote tuna afya, isipokuwa sifa yangu mimi.

Nianze na kosa. Lusekelo alidondosha tena, mpira laini, wa kumpa mtoto. Kesho yake Phineas, mwenyekiti wa jumuiya yetu, akapiga simu: "Bwana Anatoli, hili si la familia tena. Huyu ni kijana wetu." Nami, kwa kuwa nilikuwa na sambusa mdomoni, sikukataa kwa wakati.

Dada, waliitisha kikao. Silver Spring, ukumbi nyuma ya mgahawa wa Wahabeshi, kukiwa na ajenda. Ajenda ya kwanza sala, ya pili mikono ya Lusekelo, ya tatu mengineyo. Watanzania, Wakenya, na baba mmoja wa Kikongo aliyeanza kila hoja na "alors". Mmoja alishauri glovu zipakwe asali. Mwingine alisema Musa naye alikuwa na kigugumizi. Nyaguthii, nesi Mkenya jirani yangu, akasimama: "Mnamfanyia huyu kijana harambee ya nini? Ako mgonjwa? Si mumwache acheze!" Akaambiwa asubiri mengineyo.

Mwanao alikaa mbele kwenye kiti cha plastiki, kichwa kimeinama, "ndiyo mzee," "ndiyo mama," mpaka wa mwisho. Kila mtu alimwambia ana kipaji, asituangushe. Jumamosi iliyofuata alidondosha kila alichorushiwa. Kocha akamweka benchi.

Uliniambia nisikupambie. Kwenye gari nilimuuliza kama ana njaa. Akajibu, "Anko, I'm done. Kila mtu ananiambia nitakuwa, nitakuwa. Mimi si mimba." Nikawasha redio. Anataka kuacha mpira. Wewe ndiye anayekuogopa, kwa sababu anadhani ulimtoa nyumbani aje awe mtu mkubwa.

Mdogo wako mwenye aibu,
Anatoli


Tukuyu
21 Oktoba 2025

Anatoli,

Marahaba. Sisi wazima, ugonile na wewe, na sasa tuache salamu.

Kikao! Mlimkalisha mtoto wangu kwenye kiti cha plastiki mkajadili mikono yake kama barabara ya kata? Mwambie Phineas kwamba mama mzazi anamsalimu na anamwomba atafute ajenda nyingine. Huyo Nyaguthii mpe mkono kwa niaba yangu.

Nimeiangalia tena ile video. Godlisten ameisimamisha mpira ukiwa hewani. Anatoli, huo si mpira. Hilo ni parachichi. Umesahau? Wewe ulikuwa unapanda juu ya mparachichi wakati wa likizo, unachuma, unaliachia. Likigusa chini linapata jeraha na wanunuzi hawalitaki. Aliyekuwa chini anadaka ni nani? Kalikuwa na miaka saba, kanarudi nyuma huku kanatazama juu, kanalipokea na kushuka nalo kama kanamlaza mtoto. Hakuna aliyekaambia kana kipaji. Ulikuwa unapiga kelele "hilooo!" basi. Na likianguka, tulilila jioni na chumvi.

Sasa msomee hapa kwa sauti, usiruke neno:

Lusekelo mwanangu, sikukutoa hapa uwe mtu mkubwa. Nilikutoa kwa sababu mjomba wako alikuwa na kitanda cha ziada na shule ilikuwa karibu. Ukitaka kuacha, acha leo. Baba zako wadogo nitawajibu mimi. Ukidondosha, umedondosha. Kuna chumvi.

Dada yako,
Bupe


Tukuyu
16 Novemba 2025

Anatoli mdogo wangu,

Hujambo? Au hamjambo wote? Umenyamaza. Naye nikimpigia anasema "niko poa, mama" na kuniuliza habari za ng'ombe. Godlisten siku hizi anafungua kompyuta kabla ya dirisha la duka, na watu hawaniulizi tena, wananiangalia tu.

Je, ulimsomea? Ameacha? Kama ameacha, niambie. Nilisema kwa moyo mmoja. Lakini niliporudi nyumbani niligundua nilisema aache nikitumaini hataacha. Hilo usimsomee.

Dada yako,
Bupe


Hyattsville
30 Novemba 2025

Mpendwa Dada Bupe,

Shikamoo, na unisamehe. Magoti vipi? Huku tu wazima, ila sauti yangu imekwenda na hairudi.

Nilimsomea jioni ileile barua yako ilipofika, jikoni, anaosha vyombo. Sikuruka neno. Aliosha sahani moja mpaka nikaihurumia. Nami nikaona nikikuandikia bila jibu lake nitakuwa napamba. Siku zikaenda. Mazoezini alikwenda, mechi alikaa benchi, nyumbani alikula. Nikawa naye kama nilivyo na mzee wangu wa Greenbelt: nakaa, nasikiliza.

Jana ilikuwa mechi ya mwisho. Baridi ya kuuma masikio. Jumuiya ilikuja yote, lakini Nyaguthii alikuwa amewapanga mstari langoni: "Leo hakuna kusema kipaji. Atakayesema nitamtoa." Phineas alikaa kimya, nikadhani anaumwa.

Robo ya mwisho, mdakaji mwenzake aliumia kifundo cha mguu. Kocha akageuka kwenye benchi, akaonyesha kidole. Mwanao akaingia.

Dada, mrushaji aliurusha vibaya. Juu mno, mbali mno, kuelekea pembe kabisa ya uwanja. Hata mzee wangu angetukana. Mabeki wawili walimfuata Lusekelo, kisha wakaacha, kwa sababu mpira ule haukuwa wa mtu. Yeye hakuacha. Niliona amegeuza uso juu, anakimbia kinyumenyume zile mbio zake za utotoni, nami nikasikia mtu anapiga kelele "HILOOO!" Kumbe ni mimi.

Aliruka. Sijui alikaa huko juu muda gani. Mimi nilipata nafasi ya kukumbuka mambo. Aliupokea kwa ncha za vidole, akaushusha kifuani taratibu, mikono ikirudi nyuma pamoja nao, akaanguka chali na mpira haukugusa nyasi. Uwanja mzima ulisimama, hata upande wa wapinzani. Kocha alionyesha meno, anayo. Yule baba wa Kikongo alilia kwa Kifaransa. Nyaguthii alinyakua mto wangu akaurusha hewani, na mpaka leo haujaonekana.

Mwanao aliinuka, akatoa majani mdomoni, akampelekea refa mpira kwa mikono miwili, goti limepinda. Refa alisita kidogo. Kisha naye akaupokea kwa mikono miwili.

Kwenye gari sikuwasha redio. Akasema, "Anko, mwambie mama, hilo lilikuwa lile la juu kabisa." Baadaye, tumefika karibu na nyumbani: "Mwakani tena, eh?" Kama vile tulikuwa tunazungumzia kitu kidogo. Akala wali, akalala.

Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile, dada, hapa wala huko, nami nimeona mengi nikiwa nimekaa.

Mdogo wako,
Anatoli

N.B. Godlisten atakuonyesha video, kwa hiyo afadhali ulisikie kwangu. Alikuwa amekanyaga mstari wa pembeni, yaani alikuwa nje. Halikuhesabiwa, na tulifungwa.