Koti Lililopimwa kwa Bega Lako

Nkuhungu,
Dodoma.
7 Oktoba 2024

Mpendwa Shangazi Ruthu,

Shikamoo, shangazi yangu. U hali gani huko Mpanda, na mvua zimeanza au mnazisubiri kama sisi? Mguu wa Mjomba Optatus umepoa? Sisi huku hatujambo. Baba ni mzima. Bibi kule Mlali naye ni mzima na anakutumia mbukwa yako, salamu yetu ya Kigogo. Anasema meno yamemwisha lakini maneno bado anayo.

Ningeweza kupiga simu. Lakini nakujua: ukisikia jambo usilolipenda, ghafla mtandao wa Mpanda unakuwa mbaya. Barua haikatiki, kwa hiyo keti uisome yote.

Huu ndio mwaka wangu wa mwisho wa ubunifu wa mavazi. Kila mwanafunzi anatakiwa kutengeneza vazi moja litakalopanda jukwaani Jumamosi ya mwisho ya Novemba, na vazi lisilovaliwa siku hiyo halipati alama. Mimi nimetengeneza koti la ngozi. Nakwambia bila haya, hakuna koti kama hilo darasani.

Nilianzia kwenye sanamu. Fundi mmoja anaitwa Bartolomayo amesimamisha uwanjani hapa chuoni sanamu ya mwanamke, ameiunga kwa mabati ya mapipa ya zamani. Haina kichwa, ndani ni tupu, na bega la kushoto liko chini kuliko la kulia. Wenzangu walisema haijakamilika. Mimi nilisimama pale mpaka saa ya chai ikapita, kwa sababu bega lile nalijua. Ni lako, Shangazi. Nilimuuliza Bartolomayo kama amewahi kukuona. Akasema, "Dada, mimi sijamtengeneza mtu yeyote. Bati lilijikunja hivyo, nikaona limependeza, nikaliacha."

Bega lako hakuna aliyewahi kuliacha. Tangu ulipoanguka kutoka juu ya paa la tembe la Bibi ukianua mtama, kila fundi cherehani amekuwa akilijazia pamba ili lifanane na mwenzake. Kwenye harusi ya Kaka Joshua, wewe shangazi mtu, uliyepaswa kukaa mbele, ulisimama nyuma umejitanda khanga, na katika picha zote huonekani. Iliniuma siku ile na inaniuma hadi leo.

Basi nilikwenda Mlali, nikatoa gauni lako la kijani kwenye sanduku la Bibi, nikafumua ile pamba, nikapima. Nilichagua ngozi ya ng'ombe, nikailowanisha na kuivika kwenye kiwiliwili cha mbao cha kushonea, bega la kulia nimeliinua kwa kiroba cha mchanga. Hapo nikakosea. Mtu aliyezaliwa Dodoma, sina hata kisingizio: niliianika nje kwenye upepo wa Agosti nikaenda zangu darasani. Niliporudi imekakamaa kama ngozi ya ngoma. Nikakumbuka ulivyokuwa ukizikanda ngozi za kulalia kwa Bibi, nikatafuta mafuta ya mkia wa kondoo, nikakanda. Asma, binti wa Kondoa ninayekaa naye chumba kimoja, alihamia kwa jirani akisema mimi na kondoo wangu tutamwita tukimaliza. Lakini ngozi ililainika kwenye mikono ya koti tu, kwingine ikabaki ngumu vilevile. Sasa nikiliweka koti sakafuni linasimama lenyewe, kama ile sanamu.

Mwalimu Ludovick alilizunguka, akachukua chaki, akachora mahali pa kusawazisha. Nikamwambia kwa adabu kwamba sisawazishi. Akamvalisha Asma, likamning'inia upande mmoja.

"Anitha, koti hili halimkai mtu," akasema.

"Linamkaa mwenyewe, Mwalimu."

"Basi mlete."

Nami nikasema nitakuleta.

Ndiyo sababu ya barua hii. Najua utasema umri, utasema kuku, utasema watu watacheka. Umri wako ndio nilioushonea. Kuku atawalisha William, si ni mwanao huyo, na ameshakuwa mtu mzima. Na watu ni wa kwenu, Shangazi. Mcheza kwao hutunzwa. Baba amesema atakupokea stesheni mwenyewe, na Bibi anataka aletwe kutoka Mlali akae mstari wa mbele. Usipokuja sitamvalisha mtu mwingine, wala pamba sitatia. Heri nirudie mwaka. Naogopa kidogo kusema hivyo, lakini nimekwisha kusema.

Nisalimie Mjomba, William, na jirani yako Mama Sabrina, mwambie karanga zake tulizila zote. Mungu akutangulie njiani na akufikishe kwetu salama.

Jina lako nimeshaliandikisha kwa Mwalimu Ludovick. Khanga iache Mpanda.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye ulivyo,
Anitha